Noah: Gari la Mizigo Lililofundishwa Kubeba Familia

Katika magari yote yaliyoingia kwenye mazungumzo ya nyumba zetu, machache yamepata jina jepesi ulimini kama Noah. Ni jina la Nabii Nuhu (A.S.) kwa matamshi ya Kizungu, na kwa chombo kilichokusudiwa kuwabeba wengi kwa pamoja, jina hilo halikukosea njia. Kwa watu wa Arusha na Moshi limekwisha kupanuka hata likawa jina la usafiri wenyewe, kiasi kwamba mtu anayesema amekuja kwa Noah huenda hazungumzii gari lake bali nauli aliyolipa. Nchini Kenya, Noah na pacha wake Voxy ni magari ya wazazi wenye watoto wanne au watano, pamoja na bibi asiyependa kuachwa nyumbani.

Juma hili tumeonelea tusimulie asili ya gari hili na hatua zilizolifikisha hapa lilipo. Mnunuzi wa Noah iliyotumika hachagui rangi na bei tu. Kwa kuchagua mwaka, anachagua pia mahali injini ilipokaa, kimo cha sakafu, idadi ya milango, na kiasi cha chuma kilichopo baina ya magoti ya dereva na kitu atakachokigonga. Kuna na jambo la pili, nalo ndilo linalotukera zaidi: wahandisi walitumia zaidi ya robo karne kuligeuza sanduku la mizigo liwe chumba cha watu, nasi huku tumekuwa hodari wa kukirudisha chumba hicho kwenye usanduku wake wa awali.

Ukoo wa Noah unaanzia kwenye LiteAce, gari dogo la mizigo lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1970, na TownAce iliyofuata mwaka 1976, kubwa kidogo na yenye mwelekeo zaidi wa abiria. Ndugu yao mkubwa, HiAce, alikwisha tangulia mwaka 1967, naye wakazi wa Dar es Salaam hawana haja ya kutambulishwa kwake, kwani walimpanda miaka mingi kwa jina la kipanya. Magari haya yote yalijengwa kwa mpango mmoja. Dereva alikaa mbele kabisa, juu ya magurudumu ya mbele, na injini ikawekwa chini ya viti vya mbele. Boneti halikuwapo. Nyuma ya dereva palibaki nafasi tupu yenye pembe nne, tayari kwa magunia, maboksi au viti.

Mpango huo ulikuwa na akili yake. Sheria ya Japani huyapanga magari ya abiria kwa vipimo, na gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,000 huhesabiwa kuwa dogo. Familia ya Kijapani inayoishi katika mtaa mwembamba na kulipia kila hatua ya mraba ya maegesho ilikuwa na kila sababu ya kubaki ndani ya mipaka hiyo. Basi, gari likiwa haliruhusiwi kurefuka wala kupanuka, namna pekee ya kupata nafasi ni kulikuza kwenda juu na kuificha injini mahali ambapo mtu angekaa hata hivyo. Msomaji aliyewahi kujiuliza kwa nini Noah ni nyembamba na ndefu kwenda juu, mithili ya boksi la viatu lililosimamishwa kwa ubavu, au kwa nini karibu injini zake zote za petroli ziko chini kidogo tu ya 2,000, jibu lake ni hilo.

Mzigo, hata hivyo, haulalamiki. Abiria hulalamika. Injini iliyo chini ya kiti hupasha joto mapaja na kuunguruma masikioni. Kiti kilicho juu ya gurudumu hurushwa katika kila shimo. Na ngazi ya kupandia huwa juu. La hatari zaidi ni kwamba katika gari lisilo na pua, ajali ya uso kwa uso humkuta dereva na jirani yake kabla ya kukuta kitu kingine chochote. Gari lenye boneti lina chuma cha kukunjana na kumeza sehemu ya kishindo. Hapa hapakuwa na cha kukunjana isipokuwa miguu yao.

Kwingineko duniani wazo la gari la familia lenye safu tatu za viti lilikuwa likichukua njia nyingine. Nchini Marekani, Chrysler ilizindua Dodge Caravan na Plymouth Voyager mwishoni mwa mwaka 1983, na Ufaransa ikatoa Renault Espace mwaka 1984. Hayo yalijengwa kama magari madogo ya abiria yaliyovimba, yenye injini puani na nguvu ikienda kwenye magurudumu ya mbele. Toyota nayo ilipeleka Marekani toleo la TownAce, injini yake ikiwa bado chini ya viti. Lilikuwa gari gumu na la kuaminika, lakini lilipowekwa kando ya Caravan lilionekana wazi kuwa ni gari la mizigo lililovishwa nguo za Idi.

Funzo hilo lilichukua muda kurudi nyumbani. Mwezi Mei 1996 Honda ilizindua StepWGN, gari refu la pembe nne lakini lenye injini puani, magurudumu ya mbele yakivuta na sakafu ikiwa tambarare, na Wajapani wakalinunua kwa wingi. Toyota ilijibu Oktoba mwaka huo huo kwa gari jipya lililopewa majina mawili, LiteAce Noah na TownAce Noah. Majina yalikuwa mawili kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa na mitandao tofauti ya maduka, na kila mtandao ulitaka jina lake. Gari lilikuwa moja.

Hii ndiyo ambayo huku kwetu huitwa Noah ya zamani, na mafundi huitambua kwa herufi zilizo kwenye kibati chake: SR40 kwa ya petroli, CR40 kwa ya dizeli, na 50 mahali pa 40 kwa zile zinazovuta magurudumu yote manne. Mabadiliko yake makubwa yalikuwa pua. Magurudumu ya mbele yalisogezwa mbele ya miguu ya dereva na boneti fupi likatokeza, ili pawepo na kitu cha kukunjana wakati wa ajali. Kwa nje, basi, Noah ilikuwa imekwisha acha sura ya gari la mizigo. Kwa ndani ilikuwa bado haijaacha. Injini ilibaki chini ya viti vya mbele na nguvu iliendelea kupelekwa magurudumu ya nyuma kwa propela shafti ndefu iliyopita chini ya sakafu. Anayefungua boneti la SR40 kwa mara ya kwanza hushangaa kutoikuta injini. Fundi humwinua kwanza abiria, kisha kiti, ndipo afikie plagi. Mlango wa kusukuma pembeni ulikuwa mmoja tu, wa kushoto, kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto na watoto hushukia upande wa njia ya waendao kwa miguu. Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda nazo huendesha kushoto, mlango huo ulifika huku ukiwa upande unaofaa, jambo ambalo si dogo kwa mama anayeteremsha watoto kando ya barabara kuu.

Tusiibeze SR40. Injini yake ya petroli, 3S-FE, ni ya zamani, haina mambo mengi, na husamehe mafuta yasiyo safi na fundi asiye na kompyuta. Magurudumu ya nyuma yanayosukuma huifaa milima yenye mzigo. Sifa hizo ndizo zilizoifanya ipendwe na wabeba abiria wa Kilimanjaro na Arusha hadi leo, miaka mingi baada ya Wajapani kuisahau. Katika baadhi ya matoleo viti vya safu ya kati viliweza kugeuzwa vikatazamana na vya nyuma, familia ikakaa kama iliyo barazani. Kwa kula chakula gari likiwa limesimama, ni jambo zuri.

Kwa maoni yetu hatua iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya Novemba 2001. Majina ya LiteAce na TownAce yaliondolewa, gari likabaki Noah tupu, na pacha wake mwenye uso mkali kidogo akaitwa Voxy. Injini ilitolewa chini ya viti ikapelekwa puani, ikalazwa kwa upana, na magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta. Msomaji asiye fundi anaweza kuona kuwa hilo ni suala la gereji tu, lakini matokeo yake yanaonekana mlangoni. Propela shafti ikiondoka, sakafu haina tena sababu ya kukaa juu ya kitu chochote, inashuka. Joto chini ya mapaja linaondoka. Dereva anaweza kuinuka kitini akapita katikati kwenda nyuma kumtazama mtoto bila kushuka barabarani. Na mlango wa pili wa kusukuma uliongezwa upande wa kulia, baada ya Nissan kuwatangulia wenzake kwa Serena ya mwaka 1999. Bibi aliyevaa buibui, mkono mmoja ukiwa na mjukuu na wa pili ukitafuta pa kushika, anaijua tofauti ya sentimita chache za ngazi kuliko mhandisi aliyezipima.

Kizazi hicho, chenye alama AZR60, kina jambo moja lililozungumzwa mno katika gereji za Nairobi na Dar es Salaam, nalo ni injini ya D-4, au kama tulivyozoea kuandika, D4. Katika injini nyingi za petroli za wakati ule, mafuta hunyunyizwa kwenye njia ya hewa kabla ya kuingia silinda. Katika D-4 hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Faida yake ni kuokoa mafuta. Gharama yake ni pampu ya shinikizo na nozeli zisizopenda uchafu, pamoja na masizi yanayojikusanya kwenye vali za kuingizia hewa, kwa kuwa hapapiti tena petroli ya kuziosha. Wapo walioziendesha miaka mingi bila kilio, kwa kununua mafuta kituo kinachoaminika na kubadili vichujio kwa wakati. Na wapo walioziuza kwa hasara kwa kuwa zilizimika kila asubuhi. Hatusemi asinunue mtu. Tunasema aijue anayoinunua, na atafute fundi aliyewahi kuifungua nyingine kabla ya yake. Itoshe kusema kwamba mwaka 2007, Noah ya kizazi kilichofuata ilipotoka, Toyota iliachana na unyunyizaji huo ikarudi kwenye njia ya kawaida.

Noah hiyo ya 2007, ZRR70, ni hatua ya utulivu zaidi kuliko mageuzi. Injini mpya za 3ZR, na siti za nyuma kabisa ambazo hukunjwa na kuinuliwa kando kwa urahisi ili buti lipatikane. Giaboksi yake ni ile isiyo na ngazi za gia, iliyokwisha anza kutumika katika miaka ya mwisho ya AZR60, na inataka mafuta yake maalumu. Fundi anayesema mafuta ya giaboksi ni mafuta tu, asikabidhiwe ufunguo.

Mwezi Januari 2014 sakafu ilishuka tena, safari hii kwa sentimita 8 na nusu, hata mtoto wa miaka minne akaweza kupanda kwa hatua moja bila kubebwa. Pamoja na ya petroli ikaja Noah ya haibridi, yenye injini ya lita 1.8 ikisaidiwa na mota ya umeme kwa utaratibu uliotoka kwenye Prius. Wapenzi wa historia watafurahi kujua betri yake kubwa iliwekwa wapi: chini ya viti vya mbele, pale pale injini ya mababu zake ilipokuwa ikiunguruma na kuchoma mapaja ya watu. Mwaka huo huo aliongezwa ndugu wa tatu, Esquire, aliyevishwa mapambo zaidi kwa ajili ya mitandao mingine ya maduka, na aliyeondoka sokoni miaka michache baadaye.

Kizazi cha sasa kilitoka Januari 2022. Upana wake umefika mita 1.73, maana yake Noah imevuka ule mpaka wa mita 1.7 uliomlea babu yake. Katika orodha ya vitu vya kuongezewa, kimoja kimetupendeza kupita skrini zote: kidaraja kinachojitokeza chini ya mlango unapofunguliwa na kujirudisha unapofungwa. Hakina mota, kinavutwa na mwendo wa mlango wenyewe. Mtu aliyekibuni, tunadhani, alikuwa na mzazi mwenye magoti mabovu. Ndugu waliobaki kwenye mizigo, LiteAce na TownAce, wapo hadi leo; siku hizi hutengenezwa Indonesia na Daihatsu, wana injini chini ya viti, na hawajifanyi kuwa kitu kingine.

Njia inayoyaleta magari haya kwetu ni sheria nyingine ya Japani. Gari jipya la abiria huko hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi huja na ada, bima na kodi ya uzito. Mwenye gari la miaka kumi huona ni heri aliuze kuliko kulilipia tena, na kwa kuwa usukani uko kulia, mnunuzi wake yuko Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar. Kutoka hapo sheria zetu ndizo zinazochuja. Kenya hairuhusi gari lililotumika kuzidi miaka 8 tangu kusajiliwa; Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018; Tanzania haikufunga mlango, ila hulitoza gari kongwe ushuru wa ziada. Ndiyo maana vizazi vyote vya Noah vinaweza kukutana katika barabara moja ya Arusha, ilhali katika yadi za Mombasa utaona vipya zaidi. Mambo madogo ya kwao huja nayo pia. Redio za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia 76 na mara nyingi kukomea 90, kwa hiyo mwenye Noah mpya hushangaa kukosa sehemu kubwa ya stesheni za mji wake. Tena, gari lililotoka upande wenye baridi huweza kufika likiwa na tairi za theluji, laini na zenye mikato mingi, zisizokusudiwa lami ya moto. Hizo zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima.

Tumefika penye kero yetu. Noah imeundwa kwa watu 8: wawili mbele, watatu kati, watatu nyuma. Katika hati za Japani uzito wa gari lililojaa hupatikana kwa kumhesabu kila mtu kilo 55. Watu 8 kwa hesabu hiyo ni kilo 440, na hapo ndipo hesabu ya uzito wa gari lililojaa hukomea. Sasa chukua watu wazima 8 wa kwetu, tuwakadirie kilo 70 kila mmoja, bila hata sanduku: ni kilo 560. Gari limekwisha kuvuka hesabu likiwa bado halijavunja sheria ya mtu yeyote. Ongeza wanne juu ya kile kibao kinachotiwa baina ya safu ya mbele na ya kati, na wengine wawili wanaogawana kiti cha mbele, nawe unafika 14 na karibu kilo 1,000. Haya si mahesabu ya kutunga. Kila anayesafiri siku za mwisho wa juma katika mikoa ya kaskazini ameyaona, na wengi wetu tumeyafanya kwa magari yetu wenyewe tukienda harusini au maziko, kwa sababu jamaa hawaachwi, na kumwambia shangazi kwamba nafasi imekwisha ni jambo gumu kuliko kupanda mlima.

Breki zilizopimwa kwa 8 zinasimamisha 14 kwa umbali mrefu zaidi. Gari refu na jembamba, lililojengwa juu kwa sababu za maegesho ya Japani, linapojazwa watu huinua uzito wake na kuyumba katika kona. Kibao hakina mkanda, hakina mgongo, na kinaziba njia ile ambayo wahandisi waliifungua mwaka 2001 kwa kuiondoa injini. Wale wa safu ya nyuma kabisa, ambao aghalabu ni watoto kwa kuwa ndio wepesi wa kupenya, hukaa karibu na mlango wa nyuma, mahali penye chuma kidogo kuliko pote, na magoti ya wakubwa yakiwa yamewafungia mbele.

Huwa tunasikia kwamba watoto hawahesabiki, wakae mapajani. Hata Japani kwenyewe sheria inahesabu watoto watatu walio chini ya miaka 12 kuwa sawa na wakubwa wawili, kwa hiyo hoja haikuzuliwa huku. Ila sheria hiyo inahesabu uzito na nafasi, haiongezi mkanda. Mtoto aliyepakatwa, gari linaposimama ghafla katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hawezi kuzuiwa kwa mikono ya mama, hata mama awe na nguvu za mchukuzi wa bandarini. Anayekaa mbele yake ndiye atakayempokea.

Kwa mwenye familia anayekwenda yadini, basi, tungependekeza kazi ya kwanza iwe ni kuhesabu mikanda kabla ya kuuliza bei. Avute kila mmoja hadi mwisho, auache urudi wenyewe, aufunge na kuufungua. Mikanda ya safu ya nyuma mara nyingi imezama chini ya siti na haijaguswa tangu gari liondoke Japani. Mingine imekatwa ili kibao kiingie. Atazame na sakafu ya nyuma ya viti vya mbele: matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa mpira ni ushahidi kwamba gari lilikuwa likibeba nauli, na injini yake imekwenda umbali ambao kipima mwendo huenda hakikuandika. Katika matoleo ya 2014 na kuendelea, apapase baina ya mgongo na kikalio cha siti za safu ya kati. Kuna vishikio vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto mchanga, na ndipo kiti hicho kifungwe, si mbele kando ya dereva penye mfuko wa hewa.

Kuna aina moja ya Noah ambayo wengi huipita yadini bila kuitambua. Tangu miaka mingi Toyota hutengeneza, pamoja na zile za kawaida, zilizokusudiwa wagonjwa na walemavu. Baadhi zina siti inayozunguka na kutoka nje kumpokea mtu mlangoni. Nyingine zina sakafu iliyoshushwa nyuma na mteremko wa kukunjwa ambao kiti cha magurudumu hupandishwa nao, pamoja na mikanda ya kukikaza mahali pake. Zinapofika huku, zimeuzwa kama zilivyouzwa nyingine na huchukuliwa kuwa ni Noah zenye kasoro, kwa kuwa zina siti pungufu. Mwenye mzazi aliyepooza, au mtoto asiyetembea ambaye kila safari ya hospitali humaanisha kubebwa na wanaume wawili, amwambie wakala wake alitafute la namna hiyo kwa jina lake, Welcab, na amkataze mapema mtu wa yadi asiung'oe mteremko kwa nia njema ya kuongeza siti.